Barua ya wazi kwa wanaogharimia filamu za kuelimisha jamii: mwacheni mjane amalize hadithi yake

Waheshimiwa,

Barua hii ni yenu nyote mnaoamua filamu ipi itengenezwe na ipi ibaki kwenye karatasi huku kwetu Nyanza na Magharibi: maofisa wa utamaduni wa kaunti, mashirika yanayotoa fedha za filamu za kuelimisha jamii, na watayarishaji mnaozipokea. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kikundi cha drama katika shule ya upili hapa Kisumu. Hivi majuzi niliombwa kuongoza mjadala baada ya filamu moja kuonyeshwa bure katika ukumbi mmoja mjini. Sitaitaja jina, wala sitawataja walioigharimia, kwa kuwa kasoro yake nimeiona katika filamu nyingi za aina hiyo na si haki mmoja abebeshwe lawama za wengi.

Kwanza niseme lililo zuri, maana lipo, na ni kubwa. Filamu ile imetengenezwa na watu wanaotupenda. Vijana walioigiza ni wa hapa hapa, wa Kondele, Nyalenda na Manyatta, na wanazungumza kama watu wa Kisumu wanavyozungumza, Kiswahili kikichanganyika na Dholuo na Sheng bila kubisha hodi. Aliyeshika kamera analijua ziwa. Dakika kumi na kitu za mwanzo ni kazi ambayo ningeionyesha mbele ya watazamaji wowote duniani kifua mbele.

Mjane mmoja, mama wa watoto wawili, anafika ufuoni kabla jua halijachomoza, beseni kichwani. Pesa zake amezifunga kwenye pindo la leso. Mashua zinaingia moja moja. Anafungua fundo, anahesabu noti mbele ya mvuvi, na mvuvi hazipokei. Anamtundika mbuta kwenye mizani, anasoma uzito, kisha anamshusha na kumfunika kwa gunia lililoloa. "Huyu ni wako," anamwambia, "utakuja kumchukua jioni." Mjane anabaki ameshika zile noti na kamera haimwachi. Anazikunja, anazirudisha kwenye leso, anafunga fundo. Fundo halikazi. Anafunga tena.

Ukumbi mzima ulinyamaza. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, ambaye baadaye nilijua anakaanga na kuuza mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta, kule Obunga, alisonya kwa sauti. Hakuna mtu mzima wa kando ya ziwa hili ambaye angehitaji kufafanuliwa maana ya ile "jioni". Ni jaboya: mwanamke kumpa mvuvi mwili wake ili apate kuuziwa samaki. Samaki wamepungua, wanunuzi ni wengi, na mwanamke asiye na mvuvi wake hurudi na beseni tupu hata akiwa na pesa mkononi. Filamu ilikuwa imelisema hilo lote kwa mizani, gunia na pindo la leso, bila mtu kuhutubu. Nilikaa vizuri kwenye kiti changu nikijua nimeletewa kazi ya kweli.

Kisha filamu ikamwacha.

Binti yake wa kidato cha tatu akapata mimba ya kijana wa bodaboda. Mwanawe wa kiume akaimaliza karo kwenye kamari ya simu. Shemeji akaja kudai shamba la marehemu na, kwa kisingizio cha mila, kumtaka mjane mwenyewe. Mwaniaji wa uwakilishi wadi akagawa unga na noti usiku. Gugu maji likaziba ufuo mashua zisitoke. Wauguzi wakagoma. Jirani akapofushwa na chang'aa yenye sumu. Mwishoni mto ukavunja kingo na nyumba ikasombwa. Ukijumlisha na jaboya, ni matatizo makubwa tisa katika filamu ya dakika 100. Yangegawanywa sawasawa, kila moja lingepata dakika 11, na hapo hujatoa majina ya wahusika na wafadhili yanayopita mwanzo na mwisho.

Hakuna hata moja kati ya hayo tisa lililo la uongo. Yote tunayaishi. Wakazi wa nyanda za Kano na wa Budalang'i hawahitaji kuambiwa mafuriko ni nini, na mwalimu yeyote anaweza kuwatajia wanafunzi wake waliopotelea kwenye kamari. Ninaelewa kabisa mtu mwenye moyo mwema anayetazama shida zetu akashindwa kuchagua ipi aiache. Lakini kule kushindwa kuchagua ndiko kulikoiharibu kazi, na gharama yake ililipwa na watu walewale ambao filamu ilitaka kuwatetea.

Niwaonyeshe jinsi ilivyolipwa.

Mjadala ulipoanza, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa yule mama wa Obunga. Aliuliza: "Mwalimu, yule mama wa samaki, alienda jioni au hakwenda?" Niliwageukia vijana walioigiza, nao wakatazamana. Filamu haikuonyesha. Baada ya ufuoni tulimwona mjane akimpiga kofi binti yake, tukamwona kwenye foleni ya unga wa siasa, kisha tukamkuta kitandani hospitalini, amekonda, daktari akimwambia ana virusi. Maamuzi yake, vile alivyolala usiku ule, vile alivyopita mbele ya wanawake wenzake kesho yake, bei aliyojiambia kwamba hatavuka na labda akaivuka, vyote vilikuwa vimepisha kamari na kampeni. Na hapo ndipo hadithi ilipokuwa. Katika ukumbi ule walikuwamo wanawake waliowahi kusimama pale aliposimama. Walikuja kuona mwenzao alifanya nini, wakarudi nyumbani bila jibu.

La pili linanichoma zaidi kama mwalimu. Msongamano ule uliifanya filamu ifundishe mambo yasiyo kweli. Mhusika akipewa dakika 11, hana nafasi ya kuwa mtu, huwa mhanga au shetani. Yule mvuvi aliyeanza kama mwanamume mwenye macho mazito na mikono iliyochanwa na nyavu aligeuka kuwa mnyama tu. Watu wa hapa wanajua kwamba wavuvi wengi hawamiliki mashua wanazoendea ziwani. Wanalipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa, na siku isiyo na samaki haina malipo. Hilo halimtakasi, lakini linaeleza kwa nini jaboya haliishi kwa kumkemea mwanamume mmoja. Filamu haikuwa na dakika za kumfuata hadi kwa mwenye mashua, kwa hiyo lawama yote ikaishia kwa mtu maskini wa pili.

Na ule ugonjwa. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 17.5 ya watu wazima wa Kaunti ya Kisumu walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Maana yake ni kwamba katika ukumbi wowote wa Kisumu, watu wengi wanaoketi hapo wanameza dawa kila siku na kuendelea na maisha: wanauza samaki, wanafundisha, wanalea. Mtu anayezifuata dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Sasa hao walikaa wakatazama mjane akiambiwa hali yake katika tukio moja na kuzikwa matukio mawili baadaye. Hakuna aliyekusudia kuwatukana. Ila filamu ilikuwa na haraka ya kufika kwenye mafuriko, na njia fupi ya kumaliza habari ya mwanamke mwenye virusi ni kumuua. Kifo chake kikaonekana kama adhabu ya ile jioni. Tangu mtoto wa kwanza alipoanza kusutwa shuleni kwa sababu ya mama yake, hatujahitaji somo hilo, na leo hatulihitaji hata kidogo.

Binti naye. Msichana aliyemwigiza ana kipaji ambacho nimekiona kwa nadra katika miaka yangu ya kulea drama. Kuna picha moja fupi anapotembea kwenda darasani saa sita mchana, jua linawaka, na sweta ya shule ameifunga kiunoni kwa mbele. Hakuna anayesema kitu. Kila mwalimu wa kike ukumbini aliielewa sweta ile kabla mwili wa msichana haujaonyesha lolote. Hiyo peke yake ni mwanzo wa filamu nyingine nzima. Badala yake mwalimu mkuu anamwita, anamfukuza, mlango unafungwa, na hatumwoni tena mpaka mazishini akiwa na mtoto mgongoni. Waheshimiwa, sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua imekuwapo nchini tangu mwaka 1994, na Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mpya juu ya jambo hilo mwaka 2020. Msichana ana haki ya kurudi darasani. Walikuwapo pale ukumbini wasichana ambao pengine hawakujua hilo, na filamu iliyogharimiwa ili kuwaelimisha iliwatuma nyumbani wakiamini kwamba mlango ukifungwa umefungwa. Dakika tano zaidi na msichana yule zingetosha kumweka mama yake mbele ya mwalimu mkuu akidai nafasi ya mwanawe.

Kuhusu wokovu wa mwishoni sina mengi. Gari jeupe linafika kwenye mafuriko, mgeni mwenye fulana yenye nembo anashuka, na watoto wanaokolewa. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangeiita hiyo sadfa na kuandika mbele yake alama ya kuuliza.

Kwa nini inakuwa hivi? Baada ya mjadala nilizungumza na vijana walioandika mswada. Waliniambia rasimu yao ya kwanza ilikuwa ya yule mjane tu. Ilianza ufuoni na kuishia ufuoni, siku nne za maisha yake. Ikaenda kwenye kikao, ikarudi na maelezo kwamba suala la vijana halijajitokeza. Wakaongeza kamari. Ikaenda kwa mfadhili mwingine aliyejiunga, ikarudi na ombi la mazingira. Gugu maji likaingia. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, kukawa na fungu la amani na uadilifu, na mwaniaji akaingia na unga wake. Kila aliyeongeza aliongeza jambo jema, na kila aliyeleta shilingi alitaka kuiona shilingi yake kwenye skrini. Waandishi, ambao walikuwa hawajalipwa hata nusu, hawakuwa na nguvu ya kukataa.

Kisha zikagawanywa fomu za maoni. Ninayo moja hapa mezani. Ina visanduku tisa, kila kimoja na mada yake, na mtazamaji anaombwa atie alama kwenye ujumbe alioupata. Mama wa Obunga alitia alama visanduku vyote tisa, kwa adabu tu, kisha akanirudishia fomu na kuniuliza tena kuhusu yule mjane. Kwenye ripoti yenu fomu yake itahesabiwa kama ushindi mkubwa.

Darasani ninaijua ile hali. Mtihani unapouliza kuhusu maudhui ya riwaya, mwanafunzi aliyekariri huorodhesha: ufisadi, elimu, nafasi ya mwanamke, ukimwi, mazingira. Anapata alama zake na hajawahi kulia wala kucheka na mhusika hata mmoja. Filamu zetu za mafunzo zimeanza kufanana na mwongozo wa kusahihisha mtihani ule. Maudhui yote yamo, na hakuna mtu ndani.

Wazee wetu hawakutambia hivyo. Sigana ya Simbi Nyaima, ambayo kila mtoto wa pande hizi ameisikia, ina bibi kizee mmoja anayefika usiku kwenye kijiji kilicho na sherehe, amechoka na ana njaa, na watu wanamfukuza. Mwanamke mmoja tu anampokea. Bibi anamwambia aondoke na watu wake usiku uleule, na kijiji kinazama. Ziwa lenyewe liko pale karibu na Kendu Bay, unaweza kwenda kusimama ukingoni mwake. Hadithi nzima ni usiku mmoja na mlango mmoja. Msimulizi angeweza kuongeza habari za ulevi wa wenye sherehe, ugomvi wa mashamba, chifu mbaya. Vyote bila shaka vilikuwapo kijijini. Hakuviongeza, na mpaka leo mgeni akibisha hodi usiku huku kwetu, mtu anamkumbuka yule bibi.

Na wala msiniambie kwamba filamu ni kitu kingine. Mwaka 2018 filamu fupi ya *Watu Wote* iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ni kazi ya mhitimu wa chuo cha Hamburg, Katja Benrath, iliyopigwa huku Kenya na waigizaji wa Kenya, na ina takribani dakika 22. Inahusu basi moja la Mandera lililoshambuliwa Desemba 2015, ambamo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika shambulio lile na akafariki mwezi uliofuata. Kaskazini mashariki kuna ukame, kuna umaskini, kuna ukosefu wa shule, na mtu mwenye nia njema angeweza kuviingiza vyote. Hawakutoka kwenye basi. Mwaka huohuo wa 2018 *Supa Modo* ya Likarion Wainaina ilionyeshwa Berlin: mtoto mmoja mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachoamua kumtimizia. Ndani ya tamaa hiyo moja tunaona mama, dada, majirani, na jinsi jamii inavyokikabili kifo. Kijiji kizima kimeingia kwenye filamu hiyo kwa mlango wa mtoto mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tufike, kwa sababu najua wasiwasi wenu ni kwamba mkichagua jambo moja, mengine manane mtakuwa mmeyatupa. Hayatatupwa. Chukueni habari ya kina mama wa ufuo wa Nduru kule Nyakach. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakaajiri wanaume kwenda kuvua, na aliyeshika mizani akawa mwanamke. Jaboya likapata mpinzani. Mashua zilichakaa na kina mama wakapambana nazo, kwa sababu mbao hazidumu na fundi hafanyi kazi bure. Kisha mwaka 2020 ziwa likapanda, maji yakaingia kijijini, na watu wakahama. Tazameni yaliyomo: maradhi, uchumi, nguvu ya mwanamke nyumbani, mabadiliko ya tabianchi, wajibu wa serikali. Yote yamo, na hakuna lililochomekwa. Mafuriko yanaumiza kwa sababu tunajua mashua ile ilimgharimu nini mwenyewe, na kwamba ikipotea, atarudi kusubiri mvuvi na beseni lake. Katika filamu niliyoitazama mafuriko yalisomba nyumba ambayo hatukuwa tumeijua hata mlango wake.

Ninachoomba basi si fedha zaidi. Naomba kwanza kwamba mkataba wa filamu uandikwe juu ya mtu, na swali linalomkabili mtu huyo, kabla ya kuandikwa juu ya mada. Mswada ukiletwa kwenu, ulizeni: huyu anataka nini, ni nani anayemzuia, na mwishoni atakuwa amelipa nini? Likiwapo jibu, nyamazeni, mwacheni mwandishi aendelee. Anayetaka kuongeza jambo aonyeshe linavyoyabadilisha maamuzi ya mtu yule, na asipoweza, jambo hilo lingoje filamu yake.

Kungoja huko kusiwe kwa maneno tu. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Fedha na siku za kupiga picha zilizotumika kwa dakika 100 za mambo tisa zingeweza kutoa filamu fupi kadhaa za dakika 20, kila moja na mwelekezi wake kijana, na hapa Kisumu, Kakamega na Nakuru tunao vijana wengi waliolelewa na tamasha za drama na filamu za shule, wanamaliza kidato cha nne na hawana pa kwenda na ujuzi ule. Kila mfadhili angepata yake. Msichana wa sweta angepata yake. Kijana wa kamari vilevile, na nadhani yeye anastahili mwandishi aliyewahi kucheza kamari ile, anayejua mtu husema nini moyoni saa nane za usiku akiwa na shilingi mia moja ya mwisho kwenye simu.

Mlipeni mwandishi, tena mapema. Mwandishi ambaye hajalipwa hukubali kila kitu, na kazi yake hasa, ile mnayomhitaji aifanye, ni kukataa. Mpeni muda wa kukaa ufuoni Dunga au Usoma, au pale Obunga kina mama wanapokaanga mifupa ya mbuta ambayo minofu yake imesafirishwa ng'ambo na viwanda. Kabla ya kamera kuwashwa, someni mswada mbele ya watu wanaoishi mambo yaliyomo, si mbele ya maofisa peke yao. Yule mama wa Obunga angeliuliza swali lake kabla ya shilingi moja ya kupiga picha kutumika.

Na fomu zile, tafadhali ziacheni. Mkitaka kujua kama filamu imefanya kazi, muulize mtu baada ya wiki mbili anasimulia nini. Nimewasikia wanafunzi wangu niliokwenda nao. Wanamsimulia mjane na fundo la leso. Hawakumbuki mwaniaji wala mgomo, na mmoja wao hakukumbuka kabisa kwamba kulikuwa na mafuriko, ilhali kwao ni Ahero, kwenye nyanda zilezile za Kano.

Nimeambiwa filamu hii inapangiwa kuzungushwa Siaya, Homa Bay na Busia, na ndiyo sababu ninaandika sasa. Vijana walinieleza kwamba walipiga picha nyingi za mjane ambazo ziliondolewa ili kupisha mambo mengine, zikiwamo za usiku ule alipoamua. Ziko kwenye diski, zimehifadhiwa. Kinachohitajika ni majuma machache ya mhariri na ujasiri wa kuondoa mwaniaji, mgomo, chang'aa na lile gari jeupe, hata kama kila kimoja kina mwenyewe aliyekilipia. Naomba muahirishe maonyesho hadi hilo lifanyike. Mimi niko tayari kukaa na mhariri kila Jumamosi bila malipo, na mama wa Obunga pamoja na wenzake wawili wamekubali kuja kutazama kila toleo jipya na kusema wazi wanapoona uongo. Wanachoomba ni nauli ya tuktuk, na tuanze mchana, samaki wa asubuhi wakishauzwa.

Wenu katika kazi hii,

Mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa drama,
Kisumu